Walikuja Kununua Nyumba, Wakala Sombe

Enzi zetu mgeni alipiga kengele, hakupiga simu. Alikuja alipojisikia kuja, akakukuta ulivyo, na kama amekukuta mezani basi alinawishwa mikono na sahani ikaongezwa. Leo binti yangu, mzaliwa wa hapa hapa Bruxelles, rafiki yake akifika hagusi kengele. Anasimama chini barabarani kama mtu aliyekuja kukamata gari, anaandika kwenye simu kwamba yuko chini. Binti naye anashuka, wanamaliza mazungumzo yao kwenye baridi, mgeni anaenda zake hajaonja hata maji. Nikiuliza kwa nini hakupanda, naambiwa alikuwa anapita tu. Enzi zetu, kwa mama yangu, hakuna mtu aliyewahi kupita tu.

Nyinyi wenzangu mliokulia mtaa wa Ixelles miaka ile ya tisini mnazikumbuka zile nyumba za kizamani zilizopangwa bega kwa bega, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, jirani akikohoa wewe unasema pole. Zilijengwa wakati Wabelgiji wenyewe bado wanapanda farasi. Yetu ilikuwa mwendo mfupi kutoka uwanja wa Flagey, penye soko, juu kidogo ya yale mabwawa yenye bata. Siku ya kwanza kaka yangu Déo alipowaona bata wale walivyonona, wanaogelea bila wasiwasi, aliuliza ni wa nani. Papa akajibu ni wa commune, yaani manispaa. Déo akauliza commune itawala bata hao lini.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba kwa mbele na ndefu kwa nyuma, vyumba vitatu vimefuatana kama mabehewa, dari iko juu mpaka ukitaka kubadili taa unaita kikao cha familia. Kila chumba kilikuwa na meko ya marumaru, na hakuna hata moja lililowaka. Dirisha la juu ya mlango lilikuwa na vioo vya rangi, na jua lilipokubali kutoka, jambo ambalo hapa si la kila wiki, sakafu ya korido iligeuka nyekundu na kijani na sisi tukarukaruka humo kama vichaa. Choo kilikuwa katikati ya ngazi, si juu si chini. Karibu na choo hicho palikuwa na kidato kimoja cha ngazi kilicholia ukikikanyaga, kilio kirefu kama cha mbuzi anayefungwa kamba. Sote tulijifunza kukiruka. Aliyekisahau alijulikana nyumba nzima ametoka wapi na amerudi saa ngapi, hasa Déo.

Tulikuwa tumefika kutoka Bukavu baada ya kuzunguka sana, na kabla ya nyumba hiyo tulikuwa tumeshakaa katika vyumba vya watu, vya mapadri, na chumba kimoja juu ya kinyozi ambapo chakula chote kilikuwa na harufu ya dawa ya nywele. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kibelgiji, bibi mwema tuliyemwita Bobonne kama walivyomwita wajukuu wake. Alitupangisha nyumba nzima kwa sababu yeye miguu ilikuwa imegoma kupanda ngazi. Kwa Maman hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke kwetu kuwa na jiko lenye mlango unaofungukia udongo. Udongo wenyewe ulikuwa kipande kidogo cha nyuma, kati ya kuta za majirani. Bobonne alikuwa na mawaridi humo. Maman alimwomba ruhusa kwa adabu zote, kisha akapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, na baada ya kiangazi kimoja mawaridi yakaelewa.

Kazi ya Maman ilikuwa kusafisha ofisi huko Schuman, Papa alisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kubwa upande wa Jette. Walichoka, lakini Jumamosi haikuwa ya kuchoka. Jumamosi Maman alirudi kutoka Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, na sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala, vile visamaki vikavu, na pilipili ambazo alizichagua kwa kumwangalia muuzaji usoni. Chungu kilikaa motoni tangu asubuhi. Tonton Saidi, rafiki ya Papa, mzee wa Bujumbura aliyekuwa mlinzi kwenye jengo moja la wakubwa, alikuja saa sita kamili, akavua viatu, akauliza kama chunguni hakuna nyama ya nguruwe ingawa kwa miaka yote haikuwahi kuwemo, kisha akaketi kwenye kiti cha pembeni ya meko mpaka jioni. Na alipoondoka, Maman alimsindikiza. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye, mnatembea polepole, na neno lenyewe, lile lililomleta au lile mlilolifunika siku nzima kwa vicheko, linasemwa huko njiani. Sisi watoto tulijua: ukitaka siri za wakubwa, usisikilize sebuleni, fuata nyuma ya wanaosindikizana.

Basi Bobonne akazidiwa, mtoto wake akamchukua kwenda kukaa naye baharini, na wiki chache baadaye likaja bango dirishani kwetu, herufi nene zinazoonekana mpaka ng'ambo: À VENDRE, inauzwa, na chini yake kwa Kiflamand, ili asiwepo wa kusema hakujua. Papa alitukusanya mezani.

"Batoto, musikilize muzuri," alisema. "Kama anayenunua ni muntu anataka kuishi humu, donc sisi tunatoka. Kama ni muntu wa biashara, yeye anataka tu loyer ya kila mwezi, alors tunabakia. Musali sana aje muntu wa biashara."

Sijui kama mbinguni kuna mtu anayeshughulikia maombi ya namna hiyo, lakini tulisali. Nilikuwa na miaka kumi, na nilimwona Maman anatazama mlango wa nyuma kama mtu anayehesabu moyoni vitu ambavyo haviingii kwenye sanduku. Kisha Alienda kumwagilia lengalenga.

Sasa hapo ndipo yalipoanza mambo. Bwana wa agence ya kuuza nyumba, mtu mwenye masharubu na haraka nyingi, alikuwa akileta wanunuzi Jumamosi, siku wote tuko nyumbani. Alimweleza Maman kwamba wanunuzi wanapita dakika chache tu, wanaangalia kuta, wanaenda, na kwamba si lazima sisi tufanye lolote. Maman aliitikia vizuri. Kisha kengele ikalia, akaingia mzee mmoja na mkewe, na Maman akafanya kile ambacho mama yake na bibi yake wangefanya mtu akivuka kizingiti. Akawavua makoti. Akawaketisha. Kabla hawajajua wako wapi, mbele yao kulikuwa na bugali inayotoa moshi, sombe na ndagala zinazowatazama kwa macho. Yule bwana wa agence alisimama na funguo zake mkononi, mdomo wazi. Papa alimvuta Maman pembeni, akamwambia kwamba hawa si wageni, hawa ni watu wanaokuja kututoa.

"Papa Déo," Maman alimjibu, "muntu akipiga kengele yangu, yeye ni mugeni. Vile ataniletea, iyo ni kesi yake na Mungu."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Wengine walikimbia. Wengine walikula kwa uma, wakatoa ndagala vichwa na kuvipanga pembeni ya sahani kwa heshima ya mazishi. Mama mmoja alimwona Tonton Saidi kwenye kiti chake, akamwuliza bwana wa agence kwa sauti ya chini kama yule mzee anauzwa pamoja na nyumba. Tonton alisikia, akasema yeye ni wa nyumba ya tatu kutoka hapo, na bei yake hawaiwezi. Na bwana wa agence mwenyewe, ambaye mwanzoni alikuwa anaangalia saa, tuligundua kwamba ameanza kuleta wanunuzi saa sita mchana tu. Kabla ya kuonyesha chumba hata kimoja alikuwa akipitia jikoni. Masharubu yakawa na mafuta ya mawese.

Hatimaye maombi yetu yakajibiwa. Alikuja mtu wa biashara, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, na mita ya kupimia. Papa alimtambua tangu kwenye korido. Mtu yule alipima vyumba, akagonga kuta, akasema wapangaji hawamsumbui, wakibaki ni sawa kabisa. Papa alikuwa anatembea nyuma yake akisifia mabomba. Shida ikawa moja tu: alipofika jikoni, sahani iko tayari, yeye akasema hapana asante, bila kukaa, bila hata kumtazama Maman. Maman alikunja kitambaa cha mezani. Kwa wanaomjua, hiyo ilikuwa radi.

Papa alijua kwamba akiondoka hivi hivi, kwetu hakutakuwa na amani mpaka Krismasi. Akamsihi yule bwana aonje kijiko kimoja tu, kwa heshima ya mama wa nyumba. Bwana akasita, akachota. Kwa haraka yake alichota pale pembeni, kwenye kibakuli cha pilipili ambacho hata Tonton Saidi alikigusa kwa ncha ya kidole baada ya kusema bismillahi. Sijawahi kuona suti ikivuliwa kwa kasi ile. Alikunywa maji ya bomba moja kwa moja kutoka kwenye bomba, lile lile Papa alilokuwa analisifia. Maman alimsindikiza mpaka Flagey, maana mgeni ni mgeni, mtu analia machozi na Maman anamshika kiwiko, watu sokoni wanadhani amefiwa. Hakurudi tena.

Papa hakula jioni ile. Déo na mimi ndipo tulipoamua kuokoa familia. Kulikuwa na wanandoa wawili vijana, mume mrefu na mke mjamzito, Claire, waliokuwa wamepita mara moja haraka haraka, na sasa wanarudi kutazama kwa makini. Hao ndio adui: walitaka kuishi humo. Tonton Saidi, aliyekuwa na ujuzi wa ulinzi, alitushauri kwamba hakuna Mzungu anayeweza kusimama mbele ya makayabu yakichemka. Nyinyi mnaoyajua makayabu, yule samaki wa chumvi mgumu kama ubao, mnajua anavyosema anapoingia kwenye maji ya moto. Asubuhi ile Maman yuko sokoni, tulifunga madirisha yote, tukachemsha makayabu ya wiki nzima. Harufu ilipanda ngazi, ikaingia vyumba vyote vitatu, ikatoka kwa jirani. Paka wa mtaa walikusanyika mbele ya mlango kama wanasubiri ofisi ifunguliwe.

Kengele ikalia. Mume aliingia, akarudi nyuma hatua moja. Déo alinibana mkono kwa furaha. Kisha akaingia Claire, akasimama kwenye ile sakafu ya rangi, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akauliza ni nini kinachonukia namna hiyo. Mume akaanza kuomba radhi, lakini Claire hakumsikiliza. Alisema tangu apate mimba hakuna kitu kilichokaa tumboni, ni biskuti na maji tu, na hiki sijui ni nini lakini anakitaka. Wakati huo huo Maman akaingia na mifuko yake. Akamwangalia yule mwanamke, akaangalia tumbo, akaangalia sufuria, akatuangalia sisi. Kwetu hamu ya mwenye mimba hainyimwi, hata angetamani paa la nyumba. Maman alitupa koti pale pale, akatia nyanya na vitunguu, na Claire akala makayabu na bugali kwa mkono, mpaka viwiko, mpaka akaomba chungu. Mumewe alizunguka nyumba peke yake. Aliporudi alimkuta mkewe amelala kwenye kiti cha Tonton Saidi, na Tonton amesimama, kwa mara ya kwanza katika historia.

Alipoamka, Maman alimsindikiza. Tuliwaona kupitia dirishani, mume anatembea mbele, wanawake wawili nyuma, polepole kwa sababu ya tumbo. Mimi na Déo tulipumua. Tulijua njiani ndiko linakosemwa neno lenyewe. Maman angemwambia sasa: tuna watoto, tumehama sana, tafadhali tafuteni nyumba nyingine. Tulitaka kuwafuata kama desturi yetu, ila sufuria la makayabu lilikuwa limeungua na mmoja wetu lazima alisugue, na hakuna aliyekubali kuwa huyo mmoja, kwa hiyo tulisugua wote.

Wiki iliyofuata bango likabandikwa neno lingine juu yake: VENDU, imeuzwa. Walionunua ni Claire na mumewe.

Niseme ukweli, niliumia. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote wa miaka kumi. Amekula samaki wetu, halafu amekula nyumba yetu. Tulihamia Jette, karibu na kazi ya Papa, ghorofa ya juu kwenye jengo lenye lifti, hakuna bustani, hakuna kidato kinacholia. Maman aliendelea kusindikiza wageni, lakini safari ilikuwa fupi mno. Aliingia nao kwenye lifti, akashuka nao mpaka chini, na neno halikuwa limefika hata koo, mlango ushafunguka. Majirani walidhani anafanya kazi ya lifti. Hakuwahi kulalamika kuhusu ile nyumba na sisi hatukuwahi kumwuliza alisema nini njiani. Sasa ametutangulia, Papa pia, na maswali ya namna hiyo huwa yanakuja ukiwa umeshachelewa.

Mwaka huu binti yangu alinisukumia simu mezani, akaniuliza kama si hii ile nyumba ninayowasumbua nayo kila Jumamosi. Ilikuwa inauzwa tena. Kwa kidole kimoja alipita korido, vyumba vitatu, ngazi, mpaka juu darini, kabla chai yangu haijapoa. Akasema tayari ameitembelea. Nikamwambia wewe hujatembelea kitu, hujala. Nikavaa koti langu zuri, nikaomba miadi kama mnunuzi mwenye pesa zake. Bei nilipoisikia nilikohoa, nikasema nitafikiria.

Kijana wa agence alinipokea kwa mifuko ya plastiki ya kuvaa juu ya viatu na akaniomba nisiguse kuta. Kuta zote nyeupe. Nilipanda ngazi nyuma yake, yeye akaongea kuhusu madirisha na joto linalopotea, na karibu na choo mguu wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaruka kidato. Kijana akakikanyaga. Kikalia.

Juu ya ngazi alisimama mama mmoja mwenye mvi. Alinitazama miguu, kisha uso. Aliniambia kwa Kifaransa, taratibu, kwamba watu wanaoruka pale ni wale tu waliowahi kuishi humu, na akaniuliza kama mimi ndiye yule mdogo wa makayabu.

Hakungoja jibu. Alimwambia kijana wa agence akae, kijana akasema ana miadi nyingine, Claire akamwambia mgeni hatoki hivi hivi, na kijana akakaa, na plastiki zake miguuni. Alitupakulia supu. Ndani ya supu kulikuwa na majani ninayoyajua. Kule nyuma, kati ya kuta za majirani, lengalenga ilikuwa inajiotea yenyewe kila kiangazi, akasema, hajawahi kuipanda, na hajawahi kuthubutu kuing'oa. Kijana alimaliza bakuli, akaangalia kama kuna jingine.

Nilipoaga, Claire alichukua koti lake. Nilidhani ana safari. Kumbe ananisindikiza. Tulitelemka polepole kuelekea Flagey, yeye na goti lake bovu, mimi na fungu la lengalenga kwenye gazeti. Tukafika kwenye bata. Hapo akaniambia kwamba siku ile alimwuliza mama yangu mtakwenda wapi nyinyi, na kwamba alikuwa tayari kuiacha nyumba kama Maman angesema neno moja tu.

Nikamwuliza kwani alisema nini.

"Alisema mtoto alale chumba cha nyuma, jua la asubuhi linaanzia humo," Claire alijibu. "Alisema kile kidato nisikitengeneze kamwe, mtoto akifika umri wa kutoroka nitamshukuru. Nikamwambia madame, nimekuuliza kuhusu nyinyi. Akacheka. Akasema leo yeye ananisindikiza mimi, siku nyingine mimi nitamsindikiza yeye. Siku mlipohama nilikuwa nimelazwa, ninajifungua. Sikuwahi kumsindikiza."

Nililia, sitaki kuwadanganya. Nililia pale mbele ya bata wa commune, ambao mpaka leo hakuna aliyewala. Miaka yote tulidhani Maman alishindwa kulisema neno lenyewe.

Siku hizi mgeni anasindikizwa na simu. Anaondoka, unafunga mlango, baadaye anakuandikia kwamba amefika, unamjibu kwa kidole gumba, imekwisha. Watoto wetu hawana ubaya, ni kwamba lifti imekuwa fupi kwao wote. Sisi tulisimama kituoni, Claire na mimi, na tramu ikaja, ikafungua milango, ikatungoja. Nikamtazama goti lake na ule mlima uliokuwa unamsubiri. Tukaiacha tramu iende.

"Bon," nikamwambia, nikamshika kiwiko. "Sasa mimi ndiye ninakurudisha."